Faraj Alipiga Hodi

Mji wa Kale husamehe mengi. Mtu aweza kuwa mkali kwa majirani na mchoyo hata wa kahawa, na siku akifa watu bado wakagombania kulibeba jeneza lake. Lakini mwanamume aingiaye nyumba ya mwenzake bila hodi, nyumba yenye mke wa watu ndani, huyo hasamehewi hata akiwa kaburini. Kwa hiyo Faraj seremala alipopigwa risasi nyumbani kwa rafiki yake Haroun, huko Kibokoni, watu hawakuuliza kwanza risasi ilimpata wapi. Waliuliza, "Kwani alipiga hodi?"

Jibu lilitoka kwa mke wa Haroun, Bi Swafia, nalo likafika Kuze, mtaani kwa Faraj, kabla maiti haijaoshwa: hakupiga.

Ulikuwa uwongo. Haroun alijua ni uwongo, na kila siku aliyonyamaza ulizidi kuota mizizi.

Haroun alikuwa sonara, kama baba yake. Bastola yake aliipata kihalali, baada ya wezi wenye mapanga kuingia dukani na kumkata msaidizi wake mkono. Hakuwa mtu wa kujigamba nayo. Aliwachosha watu kwa nasaha tu. Barazani, silaha ikitajwa, aliweka kikombe chini na kuanza: bastola hukaa kiunoni mwa mwenyewe au ndani ya sefu, hapana mahali pa tatu. Haionyeshwi, haiazimwi, haipelekwi harusini. Wanaofyatua risasi hewani kwa furaha aliwaita wendawazimu wenye leseni. Alilalamika kwamba serikali humsumbua mfanyabiashara mwenye karatasi zake na kuwaacha vijana wa mapanga wakizurura vichochoroni, lakini hata hivyo hakutaka sheria ilegezwe. Alitaka ikazwe.

"Leseni ya bastola si cheti cha ndoa, ati ukishapawa basi," alikuwa akisema. "Mtu na akaguliwe kila mwaka. Macho, akili, mikono. Akionekana hafai apokonywe, awe nani awe."

Faraj, ambaye hakuacha nafasi ya kumchokoza ipite, humuuliza, "Na akiwa ni wewe, yakhe?"

"Hata nikiwa mimi. Nitaipeleka mwenyewe kwa miguu yangu."

Masikio hakuyataja, na masikio ndiyo yaliyokuwa yakimharibikia. Zilianza kupotea sauti nyembamba, za wajukuu na za ndege wa dirishani, kisha ikapotea sauti ya mkewe akiwa chumba cha pili. Mwisho hata adhana akawa haisikii. Aliwaangalia wenzake barazani, wakinyanyuka naye hunyanyuka. Midomo ya watu aliisoma vizuri. Pale asipoiona alitikisa kichwa kama aliyekubali, na kwa kutikisa kichwa akawa bingwa. Watu wakasema Haroun amekuwa mpole siku hizi, hashindani tena. Upole gani! Maskini alikuwa haambulii neno.

Alipokwenda kukaguliwa ili leseni ihuishwe, daktari alikaa naye uso kwa uso, akamuuliza mambo yake kwa sauti ya kujaa kinywa, na Haroun akajibu yote bila kukosea. Daktari akamsifu kwa afya njema. Bi Swafia alijua, kwani mke hafichwi jambo kama hilo, akamsihi anunue kile kifaa cha kuvaa sikioni. Alikataa. Kifaa kitaonekana, kikionekana kitaulizwa, na kikiulizwa bastola itakwenda, abaki mzee kiziwi mwenye duka la dhahabu. Aliogopa. Tusimcheke kwa hilo, kila mtu ana analoliogopa. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa kifo kilimwacha mficha maradhi kikamchukua rafiki yake.

Asubuhi ya siku ile barazani, Haroun alilalamika kwamba ubao wa dirisha la ukumbini umeng'oka bawaba. Faraj alikuwa ameinama akisuuza kikombe, uso kaugeuzia ukutani. "Basi nitakuja leo baada ya alasiri," alisema, "niutengeneze." Haroun aliona tu mabega yakicheka, au alidhani yanacheka, naye akatikisa kichwa.

Baada ya alasiri alikuwa ghorofani, ameupa mlango mgongo, ameinama mbele ya sefu. Wiki ile vijana wa mapanga walikuwa wamevamia mtaa wa pili mchana kweupe, na yeye alikuwa anatoa bastola aivae aende kufunga duka. Faraj alisimama chini mlangoni, akapiga hodi mara mbili. Bi Swafia alimjibu kutoka jikoni, "Karibu Faraj, pita juu, mwenyewe yuko." Faraj akapanda ngazi na vyombo vyake vya kazi, na alipofika mlangoni pa ukumbi akatoa salamu.

Haroun aliona kivuli ukutani. Aligeuka, akaona mkono wa mwanamume umeshika chuma. Kilikuwa patasi. Hata akautambua uso, kidole kilikuwa kimekwisha fanya kazi yake.

Faraj alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Midomo yake ilisema, "Ni mimi, Haroun." Hayo Haroun aliyasoma, neno kwa neno. Hawakuwahi kumfikisha hospitali.

Polisi walipomuuliza Bi Swafia kama marehemu alibisha hodi, alimtazama mumewe aliyekaa kitini, shati lina damu ya rafiki yake, akasema hapana. Neno moja tu. Usiku ule alimwambia Haroun kweli yote, kinywa chake sikioni mwake, akilia. Lakini neno lilikuwa limeshaandikwa, na mtoto wao Sabir, ambaye ni wakili, alikuwa ameshalishika kwa mikono miwili.

Kule Kuze, Swabaha, mjane wa Faraj, alikaa eda ya mume ambaye watu walimtaja kwa kunong'ona. Kila mwanamke aliyekwenda kumpa pole aliambiwa maneno yale yale: "Faraj si mtu wa kuingia bila hodi. Hata humu mwake mwenyewe alikuwa akipiga hodi." Wanawake walimjibu, "Naam dada, Mungu ndiye ajuaye." Kwetu, mtu akikujibu hivyo ujue hakukuamini. Wengine, Mungu awasamehe, walianza kujiuliza Faraj alifuata nini ghorofani kwa Bi Swafia. Habari hizo zilimfikia Bi Swafia mwenyewe, akaacha kula.

Siku moja Sabir alikuja na uso mkunjufu, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau. Alikaa mbele ya baba yake, mahali ambapo midomo yake ingeonekana.

"Baba, mambo yanaelekea kwisha. Polisi wasema marehemu aliingia bila kubisha hodi, na mkononi ana chuma, na mtaani kuna mapanga. Kila mwenye akili angeogopa. Hawatakushtaki."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Swafia, lakini bila kuinua macho.

"Na leseni yako haina doa," Sabir akaendelea. "Nitaomba. Bastola yako utarudishiwa."

Haroun alidhani amesoma vibaya. "Sema tena."

"Nasema utarudishiwa bastola yako."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa kesi, kwa jela, hata kwa laana za watu. Hakujiandaa kuambiwa kwamba hakukosea kitu. Sheria aliyokuwa akiitetea barazani ilikuwa imemkagua tena kutoka utosini hadi unyayoni, ikasema anafaa. Yeye kiziwi, aliyemuua rafiki yake mlangoni mwake, anafaa.

"Sitaki," alisema. "Kesho utanipeleka kituoni, tubadilishe maneno. Faraj alipiga hodi."

Sabir aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wajua ulisemalo, baba? Watauliza mbona hukusikia. Watauliza kwa nini ulificha. Na mama je? Ametoa taarifa ya uwongo kwa polisi. Wataka na yeye asimamishwe mahakamani?"

Hapo Haroun alimgeukia mkewe. Hilo ndilo lililokuwa limemfunga kinywa muda wote ule, au ndilo alilokuwa akijidanganya kwamba limemfunga.

Bi Swafia alifuta mikono yake kwa leso, polepole, ingawa haikuwa na kitu. "N'lisema kwa ajili yako, Baba Sabir," alisema, akihakikisha uso wake unaonekana. "Nikaona mmoja ameshakwenda, huyu wa pili wa nini. Lakini mimi n'limkaribisha. N'lisema pita juu. Na sasa wamfanya mtu ambaye hakukaribishwa." Machozi yalimshuka. "Nenda. Nami nitasema langu."

"Mama!"

"Nyamaza, Sabir. Wewe hukumsikia akipiga hodi. Mimi n'lisikia."

Haroun alisimama, akachukua kofia yake. Kituoni wataenda kesho, alisema, lakini leo ataanza na wenye haki yao.

Kutoka Kibokoni mpaka Kuze si mbali, ila siku ile mitaa ilimrefukia. Watu walimsalimu wakiwa wameketi, wengine walijifanya wanafunga kamba za viatu. Alipofika kwa marehemu alisimama mlangoni akapiga hodi, kisha akabaki pale pale, kwa kuwa hakuweza kujua kama amejibiwa. Alipiga ya pili. Mwishowe Mejumaa, dada mkubwa wa Faraj, alijitokeza amekunja uso. Midomo yake ilisema, "Mbona twakwambia karibu, huingii?"

"Nataka kusema na mkeo Faraj," alisema Haroun, akachanganya maneno, akajirekebisha. "Na mjane wake. Mbele yenu nyote."

Mjane aliye edani hakabili wanaume wasio maharimu zake, wale wanaoweza kumuoa. Swabaha alikuwa chumba cha ndani, na pazia la kijani limeshushwa mlangoni. Ukumbini mlikuwa na wanawake wachache, na wazee wawili wa mtaa waliokuja kujulia hali. Haroun alipewa kiti akakikataa. Alisimama mbele ya pazia, akazungumza kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi wote, na mara hii hakujizuia.

"Swabaha. Mimi ni Haroun. Faraj alipiga hodi. Alipiga mara mbili, na Swafia akamkaribisha, akamwambia apite juu. Na mlangoni akanitolea salamu. N'lipomuua alikuwa mgeni wangu aliyekaribishwa, amekuja kunitengenezea dirisha. Mimi sisikii. Siku nyingi sisikii. N'liwaficha watu kwa sababu sikutaka kupokonywa bastola. Yaliyosemwa juu ya mume wako ni uwongo, na aliyefaidika ni mimi. Kesho nakwenda kuyasema kwa polisi. Sikuja kuomba kitu."

Mzee mmoja alishika kichwa. Wanawake walitazamana. Haroun hakuwaangalia, alilikodolea macho lile pazia.

Pazia lilitikisika kidogo. Alijua anajibiwa, kwani wote ukumbini waliinamisha vichwa kusikiliza, na Mejumaa aliziba mdomo kwa kiganja. Swabaha alisema kitu kirefu. Haroun alisogeza sikio, akalikaribia pazia mpaka kitambaa kikamgusa ndevu, lakini pazia halina midomo. Hakuambulia hata silabi moja. Miaka yote iliyopita angetikisa kichwa hapo, kama kawaida yake, akaenda zake.

"Sikusikia," alisema. "Niwieni radhi. Amesemaje?"

Alimgeukia Mejumaa, na Mejumaa alimtazama muda mrefu, mwanamke mzima ambaye nduguye hayupo, akipima kama mtu huyu anastahili kuambiwa. Kisha alikuja akasimama mbele yake, karibu kabisa, akazungumza polepole ili aone kila neno.

"Asema ahsante. Asema tangu siku ile hajapata kumlilia mumewe. Kila anayekuja, kazi yake ni kumtetea. Sasa umemrudishia, aweza kumlilia." Midomo yake ilitetemeka, akaibana, akaifungua tena. "Na asema uende, Haroun. Usije tena hapa."

Haroun alipokuwa akitafuta viatu vyake mlangoni aligeuka nyuma mara moja tu. Aliwaona wanawake wote wameinuka kwa pamoja, wanakimbilia ndani, na pazia limefunguliwa nusu bila mtu kujali. Wazee wawili wameziba nyuso kwa mikono. Akafahamu kwamba Swabaha ameanza kulia, na kwamba analia kwa sauti ambayo mtaa mzima unaisikia.