Benchi la Waliotengwa

Mume wangu Ephraimu alipoacha kwenda kwenye meza ya Bwana, sikumuuliza kitu. Nilianza kumchunguza.

Ndivyo nilivyo. Nauza mitumba mjini Arusha tangu biashara ilipofunguliwa na marobota yakaanza kuingia, na mtu wa mitumba haamini nguo kwa sababu imepigwa pasi. Huigeuza ndani nje, akatazama kwapa na mshono. Koti zuri kupita kiasi ndilo hunitia wasiwasi, na Ephraimu alikuwa mzuri kupita kiasi: mzee wa kanisa, hanywi, hagombi, akirudi kutoka migombani anaomba maji ya kunawa kama mgeni.

Usharika wetu uko Tengeru. Jumapili hiyo kulikuwa na Chakula cha Bwana, na kwa utaratibu wetu wazee wa kanisa hutangulia. Wakainuka. Ephraimu naye akainuka, lakini badala ya kwenda mbele akateremka katikati ya watu mpaka benchi la nyuma kabisa, wanapokaa waliotengwa, akakaa. Pale palikuwa na mtu mmoja tu, Hope.

Hope alikuwa binti wa marehemu jirani yetu, miaka kumi na tisa, tumbo limeshakataa kufichwa. Mama yake alipofariki tulimchukua, kisha mimi mwenyewe nikampeleka Njiro kufanya kazi za ndani kwa kaka yangu Reginald. Akarudi na mimba. Baraza la wazee likamwita, likamwuliza ni ya nani, likamwuliza tena. Akatazama sakafu. Basi akatengwa mpaka atakapotubu mbele ya usharika na kumtaja mwenzake. Kwa aibu hakutaka tena kukaa kwetu, akapanga chumba karibu na soko.

Kwetu mtu mwenye afya haachi meza ya Bwana bure. Akiiacha ana dhambi, na akienda kukaa na msichana mjamzito, dhambi yenyewe haihitaji mkalimani. Tulipotoka nje kwenye mnada wa sadaka, ndizi na mayai vikinadiwa, Mama Manase alinishika bega akanipa pole. Hakuna aliyekuwa amefiwa. Nilitamani kumpiga kwa mkungu wa ndizi.

Nyumbani nilipekua mifuko ya Ephraimu, sikupata kitu, na hilo likanizidishia shaka. Nikamfuata. Alipeleka maziwa kwa Hope, akasimama nje, akamwita kwa sauti ambayo soko zima lingesikia, akaweka kibuyu mlangoni na kuondoka. Nikajiambia, mtu anayejihami namna hii ana lake jambo.

Majuma yakapita. Kila Chakula cha Bwana, benchi la nyuma. Wazee wenzake wakaacha kumpa mkono. Wakamvua uzee wa kanisa, naye akainamisha kichwa kama anayepokea baraka. Mimi sikulala vizuri. Tumbo la Hope lilikuwa likikua, na ndoa yangu ilikuwa ikiisha mbele ya macho ya watu.

Jioni moja, akila, nilimwondolea sahani.

"Baba Elihuruma, huyo mtoto ni wako?"

"Si wangu."

"Sasa unafuata nini kule nyuma?"

Akanawa mikono taratibu. "Mimi niliinua mkono atengwe. Sote tuliinua. Halafu nikaenda mezani, mkate ukanikwama. Nikajiuliza, Bwana leo yuko wapi, hapa mbele na sisi tuliovaa tai, au kule nyuma? Yeye alitundikwa katikati ya wahalifu, mama. Waliopita wakatikisa vichwa wakasema lazima kuna alilofanya."

"Si ukane basi! Simama useme si wewe!"

"Nikikana, watauliza ni nani. Watamrudia yule mtoto. Waache wanitafune mimi, nina nyama ngumu."

Yalikuwa maneno mazuri. Ndiyo maana sikuyaamini. Jumamosi, siku ya gulio, nikaacha biashara yangu mjini nikaenda kwa Hope nikiwa nimejifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. "Nitajie leo. Ni mume wangu?"

Akashtuka mpaka akashika ukuta. "Baba? Hapana! Mungu anisamehe, watu wanasema hivyo?" Alikuwa hajui. Nani angemwambia, hakuna aliyekuwa akiongea naye.

"Basi ni nani?"

Akalia kwanza. Kisha akasema, "Ni kaka yako. Mkewe alikuwa amesafiri. Akaja chumbani kwangu. Nilikataa, mama, nilikataa, lakini yeye ana nguvu."

Niliketi chini, palepale sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimepekua nguo za mtu mwingine. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza mbele ya wazee.

"Wewe ulinilea. Ningekutenga na ndugu yako? Nilisema acha yaniishie mimi. Nilikuwa nimeshatazama njia ya kwenda Ziwa Duluti. Jumapili ile ndiyo nilikuja kanisani kuaga. Ndipo Baba akaja akakaa pembeni yangu. Hakuniuliza chochote, aliimba tu. Nikasema, kama Mungu anaweza kuja mpaka kwenye benchi hili, basi haya yanayonipata ameyaona. Sijaenda ziwani tena."

Nililia kwa sauti bila kujali majirani. Nilimlilia Hope, na nilimlilia mume wangu aliyekuwa akimshika mtu asizame huku mimi nikimpekua mifuko. Nilipopata pumzi nikamwuliza, "Nikisema mimi, utakubali?"

"Mimi mdomo wangu hautafunguka, mama. Lakini ukisema wewe, sitakana. Ila Baba usimwambie kwanza. Ataenda Njiro na panga."

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Reginald ndiye alikuwa mgeni wetu, maana alikuwa ameahidi mabati ya kanisa. Alikuja na gari lake jipya, akakalishwa kiti cha mbele, mchungaji akamsifu kwa moyo wa kujitoa. Mimi nilipita kiti changu cha siku zote nikaenda kukaa nyuma, kati ya Ephraimu na ukuta. Hope alikuwa upande wake wa pili. Ephraimu alinitazama kwa mshangao. Nikaona Mama Manase akimgusa jirani yake.

Mchungaji akawakaribisha watu mezani. Siku hiyo wazee walimpisha mgeni atangulie, Reginald akainuka wa kwanza, akifunga kifungo cha koti. Ndiye aliyenilipia shule. Ndiye aliyenipa robota la kwanza. Nilijua nikifungua mdomo, Desemba ndugu zangu watakapopanda kwetu Marangu kula Krismasi, sitakuwa na kihamba cha ukoo cha kwenda. Nikaogopa kweli. Kisha nikasimama.

"Kaka Reginald!"

Kanisa zima likageuka.

"Siyo huko. Hope ameniambia ulichomfanyia nyumbani kwako. Nafasi yako iko huku nyuma, pamoja na sisi."

Hope aliinamisha uso, lakini akasema, "Ni kweli." Alisema polepole, na kwa ukimya uliokuwapo hakuna ambaye hakusikia.

Ephraimu alisimama. Nilimwona akikunja ngumi, nikadhani ile nyama ngumu sasa imefika mwisho. Kisha akamsogeza Hope taratibu mpaka upande wangu, akaketi yeye kama kizuizi, na pembeni yake akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Reginald alikuwa bado amesimama kati ya kiti chake na meza. Mbele yake mkate ulikuwa tayari, na hakuna mtu mwingine aliyeinuka kuufuata. Nikamshika Hope mkono, tukamngoja.