Safari ya Kitandani ya Mzee Chilewa

Saa nane mchana, ugali ukiwa bado moto tumboni na kidonge cha pili cha siku kimekwisha kumezwa, Mzee Hezekia Chilewa analala chali kitandani, anafumba macho na kuanza kutembea. Msicheke. Ndivyo alivyofundishwa na Emiliana, yule binti wa mazoezi ya viungo anayekuja kila Jumanne kwa pikipiki. Emiliana alimwambia kwamba ugonjwa huu wa Parkinson umemharibia mwendo miguuni, lakini kichwani njia bado zipo, basi atembee kichwani kwanza, asikie kisigino kinagusa chini, goti linakunjuka, mkono unapepea, halafu ndipo ainuke aijaribu miguu yenyewe. Mama Yoeli, mkewe, haamini sana. Kila akichungulia chumbani anauliza, unafanya mazoezi au unakoroma? Na mzee humjibu, niko maili ya tatu, mwanamke, usinisumbue. Leo lakini hana utani. Leo saa kumi Yoeli, mtoto wao wa kwanza, anafika na gari kutoka Dar es Salaam, na maneno yake ya kwenye simu bado yanamchoma baba yake: Baba, nikikukuta unatoka mwenyewe chumbani mpaka barazani, bila mama kukuvuta, sikugusi, utakaa kwako. Ukishindwa tunaondoka wote, maana mama ameshateguka mgongo mara mbili, na sitaki nimzike kwa sababu ya mlango. Na Mama Yoeli haendi Dar es Salaam ng'o. Ana ng'ombe wake, ana shamba lake la uwele, na alikwisha kusema mbele ya watu kwamba hawezi kuishi mahali ambapo hata mlenda, mboga ya kuokota tu shambani, unanunuliwa. Kwa hiyo wataachana, wazee wazima, baada ya miaka arobaini na sita, na sababu ni mlango. Uwanja mpana mzee anaukata, japo kwa kuburuza. Akifika penye fremu ya mlango wa chumba miguu inaganda, na kadiri anavyoilazimisha ndivyo inavyozidi kugoma. Kutoka kitandani hadi barazani ni hatua kumi na nne. Anazichukia zote.

Kwa mazoezi yake ya kichwani mzee amechagua njia anayoijua kuliko zote, nayo ni reli. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa njia, kila alfajiri nyundo begani na spana mkononi, maili nne kwenda na maili nne kurudi, akikagua nati moja baada ya nyingine. Basi anashika reli. Anakanyaga taruma la kwanza, ile mbao nene iliyolazwa chini ya vyuma, anakanyaga la pili, la tatu, kokoto zinalia chini ya viatu, jua la Ugogo linampiga kisogoni, taruma la saba, la nane, na kati ya la nane na la tisa usingizi unamchukua bila kumpigia hodi. Anaendelea kutembea, ila sasa reli si ile. Inapinda palipokuwa pamenyooka, inapanda palipokuwa bondeni, mataruma yanasogeleana halafu yanaachana, na mbele, mbali kidogo, kuna mtu anatembea. Ni fundi mwenzake, inaelekea, koti la kazi limepauka mabegani, na mwendo wake unatia wivu, mikono inapepea, visigino vinaita chini. Mzee anampigia kelele, ndugu, ngoja, nyumbani kwangu ni upande gani? Yule anajibu bila kugeuka, nyumbani kwako ni huko unakosimama. Jibu gani hilo? Mzee anaongeza mwendo amkamate, lakini kila akikaribia anasikia nati imelegea, inacheza chini ya reli, na fundi wa njia hapiti nati iliyolegea. Anainama. Anagonga, anakaza, anakagua taruma lenyewe, anakagua na mguu wake uliolikanyaga. Akiinua kichwa, njia imekwisha kubadilika, na yule mtu yuko mbali zaidi. Anaanza tena. Inalegea nyingine. Saa ya kituo kimoja inasema saa tisa, saa ya kituo kinachofuata inasema saa tisa na nusu, na hakuna aliyepanda wala aliyeshuka katika vituo vyote viwili.

Kisha reli inaingia mjini, na mji wote ni nyumba yake. Nyumba yake kushoto, nyumba yake kulia, bati lilelile lenye kiraka, ila zote zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo, jiko liko palipokuwa na chumba na chumba kiko palipokuwa na jiko. Katika kila nyumba Mama Yoeli ameinama motoni, amempa mgongo, na wote wanasema kwa sauti moja, Baba Yoeli, chai inapoa. Reli inapita katikati ya mlango. Mzee anafika mlangoni na miguu inaganda, huku ndotoni vilevile! Hasira zinampanda mpaka machozi yanamtoka. Na yule fundi asiye na haya anapita mlangoni, anarudi, anapita tena, kama mtu anayepima upana wake. Unapitaje? mzee anamwuliza. Kitendawili, anasema yule. Sina muda wa vitendawili, mwanangu anakuja. Kitendawili! Haya, tega, mzee anakubali. Nakufuata kila uendako. Nikikutazama unakwama, nikikuacha unapita. Mzee anafikiri. Mke wangu, anasema. Sio. Ugonjwa wangu. Sio. Msimamizi wa reli. Umekosa, nipe mji. Nakupa Dar es Salaam, mzee anasema kwa haraka, ichukue yote na foleni zake, usiirudishe. Yule anacheka, mabega yanatikisika. Nimekwenda Dar es Salaam, anasema, nimekula, nimekunywa, nimekalishwa kitini mbele ya televisheni nikaambiwa usiinuke, baba, utaanguka. Na jibu nimerudi nalo. Jibu ni wewe, Hezekia. Kisha anageuka, na hana uso. Hana jicho, hana pua, pale mbele ni laini kama sahani iliyooshwa. Mzee anaogopa, lakini hawezi kukimbia, angekimbia kwa miguu gani? Uso wangu uko huko kwako, anasema yule, umebaki nao nyuma. Tangu taruma la kwanza unanitazama mgongo. Unanikagua.

Hapo mzee anakumbuka maneno ya Emiliana, ambayo aliyaitikia kwa adabu na kuyapuuza: Babu, usijione kama unavyojiona kwenye video, ingia ndani, uone kwa macho yako mwenyewe, na usihakiki kila hatua. Aliona ni maneno ya kitoto. Fundi asiyekagua ni fundi gani? Miaka thelathini na mmoja hakuna treni iliyoacha njia katika maili zake, na sababu ni kwamba hakuwahi kujiamini hata siku moja. Sasa anaitua nyundo chini. Mkono unabaki mtupu na hajui auweke wapi. Palepale nati moja inaanza kulia karibu kabisa na kiatu chake cha kushoto, imelegea vibaya, inamwita kwa jina, na mwili wote unamwasha kwa kutaka kuinama. Haiinamii. Anaiacha ilie. Jambo hilo linamwuma kuliko alivyodhani, ni kama kumwacha mtoto analia ndani na kufunga mlango. Anasogea mpaka kwa yule mtu asiye na uso, anasogea zaidi, na hakuna tena mtu mbele yake, kuna mikono miwili inayopepea huku na huku, nayo ni yake, kuna goti linalokunjuka, kisigino kinachogusa, na fremu ya mlango inayokua, inayokuja, inayopita begani. Amepita.

Anafumbua macho. Yuko kitandani, dari ileile, na nje gari linaunguruma. Anakaa, anasimama, anakwenda mlangoni, anapita kwa raha zake na kujikuta anaingia chumbani, kitandani amelala mzee anayekoroma. Anafumbua macho tena. Dari. Gari linaunguruma bado, au ni lingine. Jamani! Mkono wa kulia unatetemeka juu ya shuka, ila hata ndotoni ungeweza kutetemeka, hilo si ushahidi. Akisema ajihakikishie kwanza, atakuwa anakagua. Basi hajihakikishii. Anashusha miguu, anainuka, anaitazama nuru ya barazani badala ya vidole vyake, na hahesabu. Sakafu ni baridi. Fremu inakuja, na ndani yake mguu wa kushoto unasita, unasita kweli, anausikia unavyotaka kushika chini, naye hauangalii. Fremu inampita begani. Ukumbini Mama Yoeli anatoka jikoni na birika la chai, anamwona, anasimama, birika linainama na chai inamwagika miguuni mwake bila yeye kujua. Huko nje mlango wa gari unafunguliwa na Yoeli anaita hodi. Mama Yoeli, mzee anasema, na sauti yake imekuwa ndogo, hebu niambie ukweli, nimeamka? Mkewe ameziba mdomo kwa upande wa khanga na macho yamemjaa. Nakuuliza, mama, hii ni ndoto? Sijui, anasema taratibu. Lakini kama ni ndoto ni yangu mimi, naiota kila siku. Usiniamshe. Tembea.