Muhuri wa Mikate

Safta alikuwa ameshavuka daraja, furushi mgongoni, na bado matusi ya wifi yake yalimfuata.

"Nenda, mtakatifu wee! Kawachachushie maziwa hao watawa!" Vasilca alipiga kelele akiwa uani. "Na ukifika mbinguni usitutaje!"

Toader, kaka yake Safta na mume wa huyo Vasilca, alikuwa anapasua kuni. Hakuinua kichwa.

Safta hakugeuka. Miaka hamsini na mmoja, hajaolewa, Kwaresima zote kafunga bila kuonja hata jibini, magoti yameota sugu kwa sakafu ya kanisa. Sasa anakwenda kwa watawa, akakue kiroho mbali na hawa washenzi. Na ndani ya furushi, katikati ya soksi, kaficha muhuri wa mti ambao mama yake alipigia chapa mikate ya ibada. Mama, kabla ya kufa mwezi uliopita, alimkabidhi Vasilca. Mkwe! Na binti wa kumzaa yupo hapo hapo, anamfuta jasho. "Mikono yako mizuri, Safta," mama alisema, "ila roho yako ina magugu."

Haya. Sasa tuone huyo mkwe atapiga chapa kwa kitu gani.

Siku yake ya nane kwa watawa, mama mkuu wao, Evloghia, kibibi kifupi chenye sauti ya kukwaruza, alimwingiza jikoni. Safta akampigia magoti kila mtawa mle ndani, nisamehe, nisamehe, kama desturi inavyotaka kabla ya mtu kukanda mkate wa ibada. Kisha akautoa muhuri kwa madaha.

"Wa nani huo?" Evloghia akauliza.

"Wa marehemu mama. Jana ilikuwa arobaini yake."

"Na mkate wa arobaini umepigwa chapa na nini?"

Safta akauficha muhuri chini ya aproni.

"Vua aproni. Umewaomba msamaha watu ambao hujawakosea. Hiyo hata mbuzi anaiweza. Rudi kwenu, na ukija tena, uje bila huo mti."

Alitembea kutwa nzima. Vasilca alimkuta kwenye lango la nyumbani, Safta amepiga magoti kwenye tope, muhuri kiganjani.

"Nisamehe, Vasilca."

"Padri kaukataa mkate wangu mbele ya kijiji kizima! Mkate mtupu kama kisigino! Watu wamecheka juu ya kaburi la mama yako, unasikia?" Akaunyakua muhuri. Desturi ina jibu moja tu, naye akalitema: "Mungu akusamehe. Maana mimi, ng'o! Ondoka kabla sijafungua mbwa."

Safta alikuwa na la kumwambia, kali, tayari kwenye ncha ya ulimi: kwamba mikate yake ilikuwa migumu hata mama alipokuwa hai. Akalimeza. Likamkwaruza koo kama mwiba wa samaki. Tangu azaliwe hakuwahi kumeza jibu. Akainuka, akaondoka.

Evloghia alimpokea, akampa kazi ya zizi la ng'ombe. Mikate Safta hakuigusa tena mpaka alipozikwa hapo. Toader alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Vasilca alioka miaka kumi na mmoja, hakusamehe, akahamia kwa binti yake Italia. Muhuri ulipasuka. Padri akanunua wa plastiki.