Watoto Mia Tano wa Mwaka Tisini na Mbili

Mbeyu aliipiga taipu ile tarakimu, akaitazama, uso ukamwaka moto. Mia mbili sitini na sita. Hao ndio watoto wa chini ya miaka mitano ambao, kwa makadirio ya Bwana Kioko, wangekuwako mtaa wa Kisumu Ndogo, huku pwani, ifikapo mwaka tisini na mbili. Huo ulikuwa mwaka themanini na saba tu, na Mbeyu, mpiga taipu wa ofisi na mkaazi wa humo humo Kisumu Ndogo, kila asubuhi akienda mferejini alikwepa watoto wasio na idadi kabla ndoo haijajaa.

"Bwana Kioko, niwie radhi. Hawa ni wachache mno."

Bwana Kioko, mkuu wa ile ofisi ya mipango, hakuinua kichwa. Alikuwa mtu mpole kutoka Machakos, ila akishaamini karatasi haamini tena macho. "Wachache namna gani? Nimechukua hesabu ya zamani, ya mwaka sabini na tisa, watoto mia moja na sitini. Nimeongeza asilimia nne kila mwaka, miaka kumi na mitatu. Piga mwenyewe uone."

"Nimepiga. Hesabu haina kosa. Kosa liko kwenye hiyo mia moja na sitini."

Alikuwa amepiga kweli, kwa kalamu, vile alivyofundishwa kwenye masomo ya jioni aliyoyahudhuria miaka miwili, mwaka wa mwisho akiwa na mimba, huku anasinzia. Kanuni pia aliijua: mtaa utakaokadiriwa kufikisha watoto mia tano mwaka tisini na mbili ndio utakaojengewa kliniki ya mama na mtoto. Usiofikisha, wanawake wake wataendelea kubeba watoto wenye homa hadi hospitali kuu, jua la utosi. Njia ile Mbeyu aliitembea na mwanawe mgongoni, anachemka kama chungu, hakuisahau.

"Nipe wiki moja nikahesabu mwenyewe."

"Ripoti inakwenda Mombasa Ijumaa ya wiki ijayo. Alhamisi uwe hapa na kitu cha maana."

Kuhesabu! Laiti angalijua. Alianzia kwa jirani yake Mastura, mwenyeji wa Mambrui aliyeolewa hapo, muuza mahamri.

"Dada Mastura, watoto wako wangapi?"

"Wangu? Wa Mungu."

"Haya, hao wa Mungu ni wangapi?"

"We Mbeyu we! Umelelewa wapi? Watoto hawahesabiwi, si mbuzi wa mnadani hawa. Andika wawili uende zako."

Wawili! Na chini ya pazia Mbeyu aliona miguu minane.

Ndivyo alivyojibiwa nyumba hata nyumba, kwa Waswahili na kwa Wagiriama wenzake. Wawili. Mmoja. Wapo wapo tu, mama. Anayetaja idadi ya wanawe amekiachia kijicho mlango wazi, na kijicho hakipigi hodi. Sasa Mbeyu akafahamu ile mia moja na sitini ilitoka wapi. Karani wa wakati ule alisimama kwenye milango hii hii, akaambiwa wawili, akaandika wawili. Na juu ya uongo huo wakubwa walikuwa wakiujenga mwaka tisini na mbili, asilimia nne juu ya asilimia nne, kama mtu aezekaye nyumba isiyo na nguzo.

Siku ya tatu alirudi nyumbani amechukia, hata chai hakuitaka. Alikuwa kizingitini anamnyonyesha mwanawe alipomsikia Mastura akipaza sauti ng'ambo ya uchochoro: "Amin! Kibibi! Faki! Mahfudha! Njooni mle, au nimpe paka?"

Mbeyu akacheka peke yake. Mtaa mzima umesikia, na hakuna aliyeogopa. Kumbe idadi ndiyo mwiko. Jina halina neno.

Kesho yake akageuza swali. "Nitajie majina ya wanao wadogo," akawa anasema, naye akiandika jina moja moja, bila kujumlisha mbele ya mtu. Wakamtajia. Wengine walimkaribisha hadi ndani, wakamsimulia nani alizaliwa mwaka wa mafuriko na nani alilia kila akiziona ndevu za baba yake. Hadi Jumatano miguu imevimba, daftari limejaa.

Alhamisi Bwana Kioko alifunua kurasa pole pole. "Mia tatu tisini na sita. Hii ni kazi, Mbeyu. Sikudhani." Akabonyeza kalkuleta yake, mwaka baada ya mwaka. Kisha akakuna shingo. "Mia nne themanini na moja."

"Basi weka mia tano! Watu wangapi hawakunifungulia mlango?"

"Siweki kitu sikuona. Wewe unataka nifutwe?" Akafunua tena, akasimamisha kidole. "Hii nyumba. Mbeyu Karisa. Si ni yako?"

"Ni yangu."

"Mbona tupu? Likizo ya uzazi ya mwaka jana ulienda kuzaa nini, mihogo?"

Mbeyu aliutazama mstari ule mtupu. Hakukusudia. Alipofika kwenye mstari wake kalamu iliruka yenyewe, na yeye akaiacha iruke. Mtoto wa kifuani hatajwi hadi aachishwe ziwa. Hilo hakufundishwa na mtu, alilinyonya. Alitwaa kalamu mbele ya Bwana Kioko, akaandika: Kahonzi. Herufi saba tu, moja moja, kana kwamba anachonga jiwe.

Bwana Kioko akabonyeza. "Mia nne themanini na tatu. Bado."

Mbeyu alitamani kukirusha kile kikalkuleta dirishani. Ndipo akili ikamjia, na hasira zikamgeukia mwenyewe. Ikiwa yeye mwenye daftari amemficha wake, wangapi wamewaficha? Wiki nzima amewaona kwa macho, wamefungwa kangani, wananyonya, naye ameandika alivyotajiwa, basi!

"Gari la Mombasa laondoka saa ngapi kesho?"

"Saa saba. Lakini Mbeyu, saa sita kama hujafika, mimi naweka hesabu ya zamani."

Alimkuta Mastura anakanda unga, mtoto ubavuni ndani ya leso.

"Umenidanganya, dada."

"Mimi? Nimekutajia wote, hata jina la Faki nikakurudia mara mbili!"

"Na huyo?"

Mastura akaivuta leso. "Huyu hatajwi. Wajua vyema."

"Najua. Wangu nami nilimficha. Leo nimemwandika, na naogopa hata kwenda nyumbani kumtazama."

Mastura akauacha unga. "Umemwandika kweli? Nionyeshe." Herufi za shuleni hakuzijua, lakini alilitazama jina lile kwa muda mrefu. "Wewe nawe! Wiki nzima unazunguka kuchukua ya watu, lako umelificha. Ungeanza nalo, tungebishana?"

"Nisamehe."

"Msellem," akasema Mastura, kwa sauti ya chini. "Andika pole pole, usimshtue."

Kisha akanawa mikono, akajitanda, akafuatana naye. "Peke yako watakufukuza," akasema. Na kila mlango alisema yeye kwanza: "Wangu nimemtaja, wa Mbeyu ameandikwa. Wako nani?" Wengine walifunga milango. Mmoja aliwamwagia maji karibu na miguu. Wengine walitaja.

Saa sita kasorobo siku ya Ijumaa, majina yalikuwa mia nne ishirini na manne. Bwana Kioko alibonyeza mara mbili, matokeo yakawa yale yale: mia tano na kumi na tano.

"Mombasa watauliza," akanung'unika. "Kutoka mia mbili hadi mia tano? Watasema tumelewa. Pengine watakata hiyo hesabu."

"Waulize. Wakikata, nitakwenda huko na daftari langu."

Bwana Kioko akamtazama, akaguna, akapiga mstari juu ya ile mia mbili sitini na sita na kuandika mpya kando yake. Mbeyu hakuondoka mezani. Alisimama hapo hapo hadi alipoiona sahihi.