Upinde wa Ratili Hamsini

Watu wa karakana walimwita Nondo, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa na mabega mapana, shingo fupi, na tabia ya kubeba peke yake kitu ambacho watu wawili wangekibeba huku wakilalamika. Yeye na kaka wa mke wake walikuwa na karakana ya milango na madirisha ya chuma, mwaka wa kumi na moja sasa. Wateja wakipiga simu waliuliza, "Nondo yupo?" kana kwamba yule mwingine alikuwa kiti tu. Shemeji yake alikuwa akicheka. Nondo alikuwa akijifanya hasikii, lakini alisikia vizuri sana.

Sasa bega la kulia lilikuwa limemsaliti. Miezi mitatu nyuma geti liliteleza likiteremshwa kwenye gari, naye akalidaka. Geti likapona, bega likachanika. Alhamisi hii daktari wa viungo alimchorea hadi picha ya msuli wenyewe, akamwambia asinyanyue kitu kizito kwa wiki nane zaidi, na vitu vyepesi avivute kidogo kidogo ili urudi katika hali yake. Nondo akashukuru, akatoka nje, akampigia shemeji simu.

"Daktari kaniachia," alisema. "Jumatatu kazini kama kawaida."

Jumatatu walikuwa na milango miwili ya chuma, kilo tisini kila mmoja, ya kupandisha ghorofa ya tatu kwenye nyumba ambayo ngazi zake zilikuwa nyembamba na bado hazijawekwa ukingo. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili: mmoja juu anavuta, mmoja chini anasukuma. Wa chini siku zote alikuwa shemeji, kwa sababu ya urefu wake. Mlango ukiponyoka, unateremka na yeye. Nondo alishaipigia hesabu. Angevuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia ungeshikilia tu. Alipiga hesabu hiyo akiwa kitandani, akiwa bafuni, akiwa anakunywa chai, na kila mara ilitoka sawa, kwa kuwa hakuwahi kuifikisha ghorofa ya tatu.

Mambo ya upinde yalikuwa ya shemeji. Mwaka mzima huyo bwana alikuwa akienda kupiga shabaha Jumamosi na kikundi cha watu wazima wenzake, na tangu Nondo aumie alikuwa hampi nafasi ya kupumua. Alimwambia amekuwa mtu wa kukaa kwenye kochi na kugombana na runinga, aje wapige mishale, anyooshe mgongo. Mke wa Nondo akamuunga mkono kaka yake, akasema huko angalau hakuna friji ya kufungua kila baada ya dakika tano. Basi Jumamosi hiyo, saa sita mchana, shemeji akamkokota hadi kwenye duka moja la vifaa vya michezo ili achague upinde wake mwenyewe.

Mwenye duka alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani juu ya kichwa, mikono mikavu kama ya mtu anayefanya kazi na kamba. Watu wa shabaha walimwita Mama Mshale. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mlango wa kwenda kwenye ukumbi mrefu wenye mbao za sponji zilizobandikwa makaratasi ya duara. Mbele, ukuta mzima ulikuwa pinde.

Nondo aliuliza wanaenda kuwinda nini.

"Makaratasi," shemeji akasema. "Hayakimbii. Hata wewe utayapata."

Mama Mshale aliwatolea upinde wa kuwindia wa aina ile ambayo ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele. Alisema watu wengi wa kujifurahisha wanaupenda huo kwa sababu ni mfupi, mgumu kuharibika, na bei yake si ya kuumiza. Ulikuwa vipande vitatu: mpini wa mbao katikati, na mabawa mawili yanayofungwa kwa skrubu, moja juu, moja chini. Akawafundisha kuutazama. Usimame mbele ya bawa uangalie kama ugwe, ile kamba ya upinde, unapita katikati yake. Ukiona umelalia upande, bawa limepindika, uache hata kama unapewa bure. Upitishe kidole pembeni utafute ufa. Mpini wa bei ya chini hauna ubaya.

"Mtu akikosea," alisema, "anakosea kwenye ratili."

Ratili ndiyo uzito unaokaa kwenye vidole vitatu ugwe ukifika kidevuni. Anayeanza, hata awe na nguvu za kusukuma gari, aanze chini ya thelathini. Akishazoea, habadilishi upinde, anabadilisha mabawa tu, mpini unabaki uleule. Hiyo ndiyo njia ya mtu asiyetaka kununua mara mbili. Akamwekea Nondo mezani upinde wenye mabawa ya ratili ishirini na nne.

Nondo aliutazama kama mtu aliyeletewa kijiko cha mtoto. Akamuuliza shemeji yeye anavuta ngapi. Shemeji akasema thelathini na tano.

Thelathini na tano. Na shemeji alikuwa mtu ambaye ukimtazama kwa upande hafiki upana wa fremu ya dirisha.

Mwisho wa rafu kulikuwa na mmoja mweusi, mzuri, mabawa yake yanang'aa, na kibandiko cha bei kilichofutwa mara mbili. Ratili hamsini, kwa bei ndogo kuliko ule wa ishirini na nne. Nondo akauliza mbona rahisi hivyo, una kasoro gani.

"Hauna kasoro," Mama Mshale akasema. "Wanaume wanaununua Jumamosi, wanaurudisha Jumanne."

Shemeji akacheka. Ni kicheko hicho kilichomnyanyua Nondo mkono. Akaomba aujaribu.

Mama Mshale akamtazama kidogo, akamtolea, lakini kwanza akampa sharti, na alilisema taratibu ili liingie. Mbele ya duka hapa mtu anavuta na kurudisha polepole. Haachii. Ugwe ukiachiwa bila mshale, nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mabawa, na mabawa yanapasuka. Aliwahi kuona kipande kimeingia kwenye shavu la mtu. Mteja mwingine akamwita kwenye kaunta, akaenda.

Nondo akasimama vizuri. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka vidole vitatu kwenye ugwe, akavuta. Nusu ya kwanza ilikwenda. Nusu ya pili aliilazimisha kwa mgongo, kwa meno, kwa jina lake. Ugwe ukafika kidevuni.

"Eh, Nondo," shemeji akasema, na akasogea mbele kuangalia bawa la juu kama alivyofundishwa, aone ugwe unapita katikati. Uso wake ukawa karibu na bawa, hata kiganja kimoja kisingetosha kupita katikati yao.

Hapo ndipo bega lilipoondoka. Halikupiga kelele. Kitu ndani yake kiliteleza kidogo, kama skrubu iliyokula uzi wake, na maumivu yakashuka hadi kwenye kiwiko. Nondo alijaribu kurudisha ugwe polepole, akagundua kwamba kurudisha kunataka nguvu ileile ya kuvuta, na nguvu hiyo haikuwepo tena. Kilichobaki kikizuia ugwe ni vidole vitatu, na vidole vyenyewe vilikuwa vimeanza kufa ganzi.

Akikaza, bega linachanika. Akiachia, bawa linapasuka usoni mwa shemeji.

Angeweza kusema papo hapo. Hakusema. Alihesabu moja, mbili, tatu kichwani, akitumaini shemeji ataondoka mwenyewe, na shemeji hakuondoka, alikuwa amefumba jicho moja akifuata mstari wa ugwe kama fundi anayekagua fremu. Jasho lilimtoka Nondo kwenye nyusi, likaingia jichoni. Hakuweza kulifuta.

"Shemeji," alisema, "toka hapo."

"Subiri, naona kama umelala kidogo huu."

"Toka hapo mbele."

"Unaringa nini? Umeshatuonyesha, basi rudisha."

"Siwezi kurudisha."

Shemeji alianza kucheka, kisha akamwona macho. Lakini badala ya kukimbia akaganda palepale, mikono nusu hewani, kama mtu aliyekanyaga kitu na hajui ni nini. Kidole cha tatu cha Nondo kikateleza. Vikabaki viwili.

Aliyetembea ni Mama Mshale. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alikuja kwa nyuma, akapitisha mkono wake mkavu juu ya mkono wa Nondo, akaushika ugwe pembeni ya vidole vya Nondo kwa vidole vyake vinne, na kifua chake kikamgusa Nondo mgongoni kama ukuta.

"Usiachie mpaka niseme," alimwambia sikioni. Kisha akamwambia shemeji, kwa sauti ileile, "Wewe, rudi nyuma hatua tatu. Sasa hivi."

Shemeji akarudi. Mama Mshale akasogea mbele pamoja na mkono wa Nondo, sentimita moja, nyingine, nyingine, mabawa yakijikunjua taratibu na mbao ikilia kwa ndani. Ilichukua muda mrefu. Ugwe uliponyooka, aliutoa upinde mkononi mwa Nondo, akautundika ukutani, akarudi. Vidole vyake vilikuwa na mchirizi mwekundu. Hakuvitazama.

Alimshika Nondo bega kwa vidole viwili, mahali palepale. Nondo akashtuka kama ameguswa na waya.

"Hili halijapona," alisema. "Daktari gani kakuruhusu kuvuta?"

Mteja wa kaunta alijifanya anasoma kibandiko cha bei ya glavu.

"Kasema kaachiwa," shemeji alisema. "Juzi. Alinipigia simu." Kisha Nondo akamwona anapanda zile ngazi kichwani, moja moja, mlango ukiwa juu yake. Uso wake ulibadilika kabla hajafika ghorofa ya pili.

"Jumatatu ningekuwa chini," shemeji akasema.

"Nilikuwa nimepanga nivute kwa kushoto."

"Kilo tisini."

"Nilikuwa nimepanga."

"Mimi nina watoto watatu, shemeji, na dada yangu ni mke wako. Ulikuwa umepanga umwambie nini?"

Alilisema polepole, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nondo alizoea kugombana. Wakigombana karakanani walirushiana maneno, wakarushiana hata kofia, na saa nne wakanywa chai. Hili halikuwa la kumalizwa na chai. Alitaka kumwambia kwamba mtu anayeitwa Nondo akikaa kitini wiki nane, wateja watauliza nani mwingine yupo, na yule mwingine watamzoea. Alijisikia aibu kabla maneno hayajafika mdomoni, akayameza.

Mama Mshale hakuwa mtu wa kusikiliza kesi za familia. Alisema bega la hivyo upinde mwepesi unaweza kulisaidia, lakini si leo. Leo liwekewe barafu, na Jumatatu arudi kwa daktari wake, aseme kilichotokea. Hata hivyo kama anataka kuchagua, achague kwa ukweli, maana upinde haudanganyiki. Akaleta wa kupimia, mabawa ya ratili kumi na nne, ule wanaotumia watoto wa shule. Akamwambia auvute kwa mkono wa kushoto, ule mzima, mpini ukiegemezwa kwenye nguzo ya ukumbini ili bega la kulia lisibebe kitu, aone uzito wenyewe ukoje, na ahesabiwe mpaka kumi. Nusu ya anachoweza mkono mzima ndiyo atakayoanza nayo mkono mgonjwa, daktari akiruhusu. Akamwekea mshale juu yake, akawapeleka ukumbini, akamwambia shemeji asimame nyuma ahesabu.

Shemeji alihesabu kwa sauti kavu. Ya kumi na nne, Nondo alifika kumi bila shida. Ya ishirini na nne, alifika kumi. Mama Mshale akafunga mabawa ya thelathini.

"Moja," shemeji akasema. "Mbili."

Kwenye nne mkono ulianza kutetemeka. Kidogo tu. Aliyekuwa nyuma asingeona. Mama Mshale alikuwa anamtazama mtu wa kaunta. Nondo alijua kwamba akiuma meno anaweza kufika kumi. Alishafika mbali zaidi ya hapo kwa kuuma meno, maisha yake yote.

"Tano," shemeji akasema. "Sita."

"Basi," Nondo akasema.

Akaachia. Mshale ulikwenda ukagonga mbao chini kabisa, nje ya karatasi. Alibaki amesimama, mgongo kwa shemeji, akiutazama.

"Huu siuwezi," alisema. "Na Jumatatu siwezi. Tafuta mtu."

Kisha akasikia shemeji anatoa simu mfukoni, anatembea huku na huku, anaongea na fundi mwenzao wa mtaa wa pili, kwamba ni milango miwili, kwamba ngazi hazina ukingo, kwamba aje na kamba, kwamba Nondo mgonjwa. Alilisema neno hilo bila kulipunguza wala kulipamba. Nondo alilisikiliza kama mtu anayesomewa matokeo, akaona kwamba bado amesimama.

Waliporudi kaunta Mama Mshale alimwuliza mara ya mwisho, ratili ngapi. Mteja wa glavu alikuwa bado yupo. Shemeji alikuwa kando yake.

"Kumi na mbili," Nondo akasema, kwa sauti ya mtu mzima. "Mpini ule wa mbao. Mabawa nitakuja kubadilisha."

Mama Mshale akatafuta stoo, akarudi na mabawa membamba ya bei ndogo, akavipanga vipande vitatu kwenye boksi refu, akafunga kwa gundi ya karatasi. Shemeji, ambaye alikuwa hajamwangalia usoni tangu ukumbini, akanyoosha mkono ili alibebe lile boksi. Halikuwa na uzito wa maana, mtoto angelibeba.

Nondo aliutazama ule mkono. Kisha akampa.