Akina Abdi Mohamed Thelathini na Wanane

Diriye hakuwa na cheti cha Darasa la Nane, hakuwa na viatu vya ngozi, hakuwa na mjomba serikalini wala kalamu ya wino, na ngamia wa marehemu babake walikuwa wamemalizwa na ukame na vita. Alikuwa na mwandiko mzuri, basi, na siku thelathini za majaribio ya ukarani wa kadi za wagonjwa katika zahanati moja ya Garissa, mwaka wa 1966.

"Nataka jambo moja tu," Daktari, mtu wa Lamu, alimwambia. "Mgonjwa akitaja jina, kadi yake inifikie upesi. Siku thelathini zikiisha bado tunatafutana, naagiza karani mwingine."

Kazi ndogo? Thubutu! Kadi zilikuwa elfu mbili, na akina Abdi Mohamed peke yao walikuwa thelathini na wanane. Siku ya nne Diriye akapeleka moja mbiombio.

"Uling'olewa gego mwezi wa tatu," Daktari alimsomea mzee aliyekaa mbele yake.

Mzee akapanua kinywa. Meno yote yalikuwamo.

"Basi limeota tena, alhamdulillahi!" akasema Duale, msaidizi wa kufunga vidonda, na benchi zima likaangua kicheko.

Tangu hapo Diriye akawa anakaa na wagonjwa, masikio wazi. Hapo ndipo alipong'amua kosa lake, kosa la mtu aliyekaa bwenini miaka sita akasahau ya kwao. Hakuna aliyemwita mwenzake Abdi. Waliitana Dheere, yule mrefu. Gurey, wa mkono wa kushoto. Faruur, mwenye mdomo uliopasuka. Mtu huitika jina hilo bila kinyongo, na wajukuu wakalirithi. Diriye akachukua penseli, akaanza kuuliza. Wasiofika zahanati aliwaulizia mnadani kwenye mbuzi.

"Jina ninaloitwa nyumbani mnalitakia nini?" mzee Salat alimkazia macho. Siku hizo za vita na misako ya askari, kuandikwa jina hakukuwa jambo dogo. "Karatasi hii inakwenda kwa polisi?"

"Haitoki drooni, adeer," Diriye akamwita kwa heshima, kama ami yake.

"Haya, andika Madoobe, yule mweusi. Na uandike vizuri, lilikuwa la babu yangu."

Siku ya ishirini na tisa kadi zote zilikuwa zimepangwa upya kwa majina hayo. Daktari akafungua droo, akasoma, akamwuliza Duale maana, akawaka.

"Faruur? Unamtukana mgonjwa kwenye karatasi ya serikali?"

"Si tusi, Daktari. Ndivyo anavyojulikana."

"Kwetu watu wangepigana kwa hilo! Futa zote. Kesho nisikute hata moja."

Kesho yake asubuhi Diriye alikuwa amefuta mpaka herufi F, moyo mzito kama jiwe la kisima, aliposikia msafara wa malori kutoka Modogashe ukifunga breki mlangoni. Wakashusha mtu mwenye homa kali, mguu umevimba kwa mwiba wa mgunga. Hakuweza kusema. Dada yake, Habibo, alimshika kichwa.

"Jina lake?"

"Abdi Mohamed."

Daktari akashusha pumzi, akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

"Walaal, dada yangu," Diriye akamwuliza Habibo, "kisimani wanamwitaje?"

"Gurey! Nani asiyemjua?"

Diriye akaruka hadi droo ya G, ambayo raba ilikuwa haijaifikia. Akarudi na kadi. Miaka mitatu nyuma mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Penisilini ilimfunga pumzi. Asidungwe tena.*

Sindano ilikuwa tayari hewani. Daktari akaiweka sahanini taratibu, akaagiza vidonge vya salfa. Kufikia Jumapili Gurey alikuwa akigombana na wauguzi juu ya supu.

"Zile ulizofuta," Daktari alimwuliza Diriye, "zimepotea?"

"Nazikumbuka zote."

"Basi kaziandike. Kwa wino."

Jumatatu Daktari alimsomea barua aliyoiandika kwenda wizarani: karani huyu aajiriwe moja kwa moja, na kadi za wagonjwa ziongezwe mstari mmoja, *Anavyoitwa kwao*.

"Na mimi, huko benchini mnaniitaje?"

Duale akakohoa. Diriye ndiye aliyejibu.

"Bidaar, Daktari. Upara."

Daktari akajipapasa kichwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akakunja barua, akaitia kwenye bahasha. Diriye akailamba gundi, akaibana kwa kiganja, akabandika stempu, akatoka nayo mbio hadi kwa dereva wa lori la mbele katika msafara wa Nairobi, na hakuondoka hapo mpaka alipoiona imeingia mfukoni mwa dereva huyo.