Kichwa cha Fahali

Kama ubishi ungelipwa mshahara, mimi ningekuwa nimeshastaafu. Kwa miaka mingi nimebishana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, juu ya jambo moja tu: pikapu ipi ni pikapu. Yeye ni mtu wa Mshale. Mimi ni mtu wa Fahali, kwa sababu baba alikuwa na Fahali, na hiyo hiyo nimeirithi na ndiyo inayonilisha, nikibeba vitanda na makabati kutoka kwa maseremala hadi kwa wateja.

Juu ya injini yake pana kichwa cha fahali cha shaba. Kila Jumapili asubuhi nilifungua boneti, nikakisugua mpaka nikajiona puani mwake, nikafunga boneti. Huo ndio ulikuwa utaalamu wangu wote wa injini. Mengine nilimwachia fundi, rafiki wa marehemu baba, ambaye hata spea alizinunua mwenyewe. "Wewe watakuuzia makopo," aliniambia, nami nikajiona mtu wa maana anayetunzwa.

Kisha injini ikafa. Ilikohoa mlimani, ikatoa moshi, ikanyamaza na kabati la watu mgongoni. Fundi alipoipima akasema imepasuka, haitibiki. Nikamwambia anitafutie nyingine ya Fahali. Alinitazama kidogo, akajibu kwamba za umri ule haziko tena. Nisipopata injini, pikapu ya baba itakatwa vipande iuzwe kama chuma chakavu.

Shemeji akasikia. Mshale wake ulikuwa umeliwa na kutu hata ukikaa ndani unaiona barabara chini ya miguu yako, lakini injini ilikuwa nzima. Akaja nyumbani, akanywa chai, akasema, "Shemeji, chukua injini yangu. Bure. Bora iishi kwako kuliko ife kwangu."

Mwenye akili angesema ahsante. Mimi nilisema, "Injini ya Mshale ndani ya Fahali ya baba? Afadhali nifunge punda."

Aliweka kikombe chini, akamuaga dada yake, akaondoka. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana nikiwa tayari na uchungu.

"Punda tunaye," mke wangu alisema akikusanya vikombe. "Imebaki kumfunga tu."

Pikapu ikakaa uani juu ya matofali, na kuku akataga kwenye kiti cha dereva. Siku nilipoona kabati la mteja wangu likipita mbele ya nyumba kwa mkokoteni, kiburi chote kilinitoka. Nilikwenda gereji, nikamvuta fundi nyuma ya rundo la matairi.

"Mzee wangu, nitamwomba shemeji ile injini. Lakini iwe siri. Ukishaifunga, kile kichwa cha fahali kiweke juu yake, mtu asijue."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Kweli mtoto wa nyoka ni nyoka! Maneno hayo hayo aliniambia baba yako."

"Maneno gani?"

"Kwamba nikiweke kichwa juu, mtu asijue. Injini ya Fahali ilikufa ukiwa bado shule, mwanangu. Hiyo unayoisugua kila Jumapili ni ya Mshale."

Nikasema haiwezekani. Akanifuata hadi uani, akafungua boneti, akanionyesha vyuma vinavyobeba injini: vilikatwa zamani na kuchomelewa upya. Kisha akalegeza skrubu mbili, akakiondoa kile kichwa. Chini yake palikuwa na mshale, umekaa kwa raha zake.

"Kwa nini alinificha?"

"Si ulikuwa unapigana shuleni kwa ajili ya Fahali? Siku moja ulirudi na jino lako mkononi, unacheka. Akasema, 'Mwache mtoto na fahali wake.' Yeye mwenyewe wala hakujali. Alitaka gari liwake, mle."

Nililia. Nasema wazi, nililia nimeegemea bampa, na yule kuku ananitazama kutoka kwenye kiti cha baba.

Ningeweza kukirudisha kile kichwa na kunyamaza. Lakini nilikwenda kwa shemeji kwa miguu, nikamleta hadi penye boneti, nikamwambia, "Tazama, ucheke."

Alitazama mshale, akatazama fahali mkononi mwangu, akanitazama mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunabishana Mshale kwa Mshale?"

"Ndiyo. Nisamehe, shemeji. Na ile injini, kama bado ipo, naiomba."

Ilikuwepo. Iliingia bila kukatwa wala kuchomelewa kitu, maana vyuma alivyoacha baba vilikuwa vya saizi yake. Ilipowaka, mke wangu alitoka jikoni kusikiliza, na kuku akahama.

Nilitaka kukitupa kile kichwa kwenye boksi la spana. Shemeji akaninyang'anya, akakifuta kwa shati lake, akakiweka juu ya injini yake mwenyewe.

"Acha bwana, shemeji," nilisema. "Sasa cha nini?"

"Mzee aliacha mtoto wa kubembelezwa," alisema. "Nimemrithi mimi. Nipe bisibisi."

Nikampa.